Mkia Unaoambiwa Ufe

Mume wangu alikuwa fundi wa umeme katika kiwanda cha Panda, nami nilifundisha biolojia katika shule moja ya sekondari hapa Likasi. Kila mvua zilipoanza aliniletea viluwiluwi kutoka kwenye mfereji wa nyuma ya kambi ya wafanyakazi, nikawaweka kwenye besani jikoni ili wanafunzi waje wawaone wakigeuka vyura. Akitoka kazini, hata hajanawa, alikuwa anainama juu ya besani.

"Mukia iko wapi leo, madamu?"

Wanafunzi ndio walioniita madamu. Yeye aliniita hivyo kunichokoza.

"Inapunguka. Na miguu inatoka."

Siku moja nilimweleza kwamba mkia haukatiki. Amri ya kufa inapita kwenye damu, chembe hai za mkia zinaipokea na kujiua zenyewe, kisha mwili unazila. Akacheka.

"Damu ni ile moja tu. Sasa mbona moyo haisikie ile amri?"

Nilimwambia anawe mikono, bukari, ugali wetu, inapoa.

Kisha ukaja ule mwaka ambapo vijana walipita nyumba kwa nyumba wakisema watu wenye asili ya jimbo la Kasai waondoke. Mume wangu alizaliwa Panda. Kasai aliijua kwa masimulizi ya marehemu baba yake tu, lakini hilo halikumsaidia kitu. Majirani tuliozoea kuombana chumvi walifunga madirisha, na mpaka leo sijawasamehe. Mume wangu akaenda kulala kituo cha treni pamoja na umati wa wenzake, chini ya turubai, wakingoja behewa. Mimi nilibaki kwa sababu mama yangu alikuwa amepooza na hakuwa na mwingine wa kumgeuza kitandani. Tulikubaliana nitamfuata.

Kila jioni nilimpelekea bukari na sombe, mboga ya majani ya muhogo. Alikuwa amekonda, midomo imekauka, na bado aliuliza habari za mkia. Jioni ya mwisho nilimwambia umebaki kidogo sana.

"Usibatupe kwanza bale ba mu besani," akasema. "Utaniambia siku tutaonana."

Habari ilirudi na mfanyakazi wa reli aliyekuwa kwenye treni ile. Mume wangu aliharisha, maji hakuna, dawa hakuna, akafia njiani. Walimzika kando ya reli, mahali ambapo yule bwana hakuweza kunieleza. Vyura walikuwa wamekwisha kuruka kutoka kwenye besani. Mikia iliisha yote, na sikuwa na wa kumwambia.

Miaka mingi baadaye nilisoma jibu la swali lake kuhusu moyo. Protini zinazoua chembe haziko sawa katika kila nyama ya mwili. Utumbo unazo tele, bandama pia, na chembe za viungo hivyo ziko tayari kufa wakati wowote. Moyo wa mnyama aliyekomaa karibu hauna. Amri ikiufikia, haimkuti wa kuitekeleza.

Nilifunga kitabu nikalia kwa hasira. Siku ile ya habari niliutaka moyo wangu ufe, niliuomba kabisa, kwa sauti, mama yangu akinisikia kutoka kitandani. Haukusikia. Ulidunda tu, na asubuhi nikaenda kufundisha.