Sabuni Iliyofunga Barabara ya Bukoto

Jamani, nichekeni mmalize, maana aibu niliyoipata Bukoto mwezi uliopita imenifanya hata kanisani niingie kwa mlango wa nyuma, na nimechoka kuulizwa, kwa hiyo naeleza leo halafu tuachane nayo.

Kazi yangu mnaijua. Nilitoka Kisumu nikaja Kampala kusimamia duka la betri za magari pale Nateete, na betri haziendi bila asidi. Sasa asidi si nyanya. Ukitaka kumpelekea mteja lazima uwe na kibali cha kusafirisha kemikali, karatasi ya mzigo inayoitaja kwa jina lake, maelezo ya nini kifanyike ikimwagika, na kila jerikeni liwe na kibandiko chake cha hatari (ule mchoro wa mkono unaoliwa na tone la asidi). Kibali chetu kilikuwa kimekwisha muda, foleni ya kukifanya upya nikiifikiria tu nachoka, na mteja wa Ntinda alikuwa anapiga simu bila kupumua. Basi nikabandua vibandiko vyote, na kwenye karatasi nikaandika "sabuni ya maji". Nikajiona nina akili kweli.

Wasswa, dereva wetu, alivitazama vibandiko nilivyobandua. "Madamu, hii kitu iko mbaya."

"Endesha, Wasswa."

Bukoto afande akatusimamisha. Mtu mzima wa kaskazini, Kiswahili chake cha kambini, na aliposikia mimi ni Mkenya akafurahi kama ameona shemeji. Alikuwa ametoka kumsaidia mtu wa bodaboda kurudisha cheni, mikono yote grisi. Akasoma karatasi yangu, akatabasamu.

"Mama, Mungu nakuleta. Nipe sabuni kidogo tu, mimi nanawa mikono."

Hapo ndipo nilipopaswa kusema ukweli. Badala yake nikasema si ya mikono, ni ya kufulia, akasema hata ya kufulia inatosha, nikasema ni mali ya mteja, na akina mama waliokuwa wakiuza ndizi pembeni wakaanza kuguna ("Nyabo, mama wewe, sabuni tu unanyima afande?"), mmoja akaja kabisa na beseni la maji. Afande akadhani namtania. Akapanda mwenyewe nyuma ya pikapu, akafungua jerikeni, akaliinamisha huku amekinga kiganja.

Sijui niliruka vipi. Nililipiga lile jerikeni kwa mkoba wangu (umetoboka mpaka leo), likaanguka, asidi ikamwagika kwenye saruji kando ya barabara, na ikatoa povu! Povu jeupe linachemka.

"Si unaona ni sabuni!" yule mama wa beseni akapiga kelele, na watu wakaja mbio na ndoo na makopo, kwa sababu sabuni iliyomwagika ni ya kila mtu. Nikawazuia kwa mikono miwili nikilia, "Ni asidi! Asidi ya betri! Nimewadanganya!"

Wakarudi nyuma wote. Barabara ikafungwa, magari yakajaa pande zote, zimamoto wakaja na mchanga, wakaniuliza maelezo ya mzigo yako wapi (yako dukani, kwenye droo, safi kabisa). Afande akanisimamisha mbele ya magari nimweleze kila dereva, kwa sauti, ni nini kimemwagika na nani amekileta. Na katika gari moja kioo kikashuka, mwalimu wetu wa kwaya huyo.

"Dada Achieng, ni wewe?"

Ni mimi, mwalimu.

Afande hakunigombeza, na afadhali angenigombeza. Kabla hatujaenda kituoni alinawa kwa yale maji matupu ya beseni, polepole, kisha akanionyesha viganja.

"Mama, hii mikono ndiyo mimi nabeba mtoto yangu jioni. Wewe naona mimi nafungua, wewe nanyamaza?"

Kesi bado naihudhuria, na sibandui tena kibandiko hata cha chupa ya maji. Mtu akinishauri niandike kitu kingine ili nipite haraka, namtazama mikono kwanza, kisha namwambia hapana.