Samaki Mkavu Kabla ya Rungu

Elumalai hakuwa mtu wa kuchinja hata kuku. Aliyechinja ni mkewe, Govindammal, naye Elumalai husimama nyuma ya nyumba akijifanya anatafuta jembe. Mwaka mzima alikuwa mkulima wa karanga, mpole kupindukia, mtu wa kusukumwa kisimani na bado akaomba radhi yeye. Lakini asubuhi moja ya kila mwaka, katika mwezi wa joto kali, kijiji kizima cha Kilvayal kilimwogopa, na aliyemwogopa kuliko wote ni yeye mwenyewe.

Hiyo ilikuwa asubuhi ya pambano, mchezo wa kuigiza vita vya kale. Mbele ya hekalu la Mama, mungu wa kike wa kijiji, wafinyanzi walimlaza Mfalme chali, jitu la udongo lenye masharubu na macho ya kukodoa, na pajani mwake wakafukia chungu cha rangi nyekundu. Mwigizaji wa Mfalme hukimbia juu ya jitu hilo, Mwenye Rungu, anayeigizwa na Elumalai, humfukuza, mpaka rungu lipasue chungu. Hapo Malkia, aliyeapa kutofunga nywele zake vita vyote, huja kuzilowesha katika wekundu ule na kuzifunga. Bila hayo mvua haiji, na asiyeamini na apande karanga zake aone. Majina yao halisi hayatajwi wiki hiyo. Kumpiga adui chini ya kiuno ni haramu katika vita vya rungu, na Mwenye Rungu alilijua hilo vizuri. Lakini alikuwa ameapa kulivunja paja lile, na maji yakimwagika hayazoleki.

Rungu lenyewe, la mti wa mfenesi, lilikuwa la ukoo wa Elumalai. Kabla yake alilishika baba yake, na mwaka mmoja, akiwa amepandisha, yule mzee alikiacha chungu akampiga mwigizaji wa Mfalme, jirani yao Kuppan, paja la nyama na mfupa. Kuppan anachechemea hadi leo. Hakuna aliyelaumiwa. Mama alimshukia mshika rungu, watu wakasema, na nani atamshitaki Mama?

Sasa Mfalme aliigizwa na Thangarasu, mtoto wa Kuppan. Na Thangarasu huyo huyo alikuwa amemwoa Anjalai, binti pekee wa Elumalai, ambaye tumbo lake lilikuwa limemfika kifuani. Mwaka uliopita rungu lilichana vazi la kijana yule gotini. Elumalai aliambiwa tu. Yeye kila mwaka alikumbuka ngoma zikianza, kisha akakumbuka kunyweshwa maji.

Alikwenda kwa kuhani kuomba rungu apewe mwingine.

“Uzi umeshafungwa,” kuhani akamjibu, akigusa uzi wa manjano kwenye kifundo cha mkono wa Elumalai. “Huvuki mpaka wa kijiji, huli nyama wala samaki, mpaka chungu kipasuke. Kama unaogopa, ogopa ukiwa umesimama hapo hapo.”

Siku moja kabla ya pambano, mchana, Elumalai aliingia jikoni akafunga mlango.

“Mama Anjalai, nipe samaki mkavu.”

“Umerukwa na akili, mume wangu? Na uzi huo mkononi?”

“Mama hamshukii aliyejichafua. Nikila, kesho nitakuwa mimi tu, na akili zangu timamu.”

“Na akikasirika?”

“Anikasirikie mimi. Mkwe wangu ana kosa gani?”

Govindammal akakaanga samaki huku anatupa pilipili kavu motoni ili harufu ipotee. Nusu ya mtaa ikapiga chafya.

“Weee, Mama Anjalai, unapika au unatufukiza kama panya?” jirani akapiga kelele.

“Kama panya anajijua, na ahame!” Govindammal akajibu, machozi yakimtiririka, na si ya pilipili yote. Elumalai alikula. Kila mwiba aliuona kama jicho.

Asubuhi, nyuma ya pazia, aliyempaka rangi usoni alikuwa Kuppan, maana mguu ulipomkataa ndiyo kazi iliyobaki. Alimsogelea kumchora nyusi, akasita, brashi ikabaki hewani.

“Mkwe,” akasema polepole. “Umekula samaki.”

Elumalai akaziba mdomo kwa kiganja.

“Harufu hii niliinusa mara moja tu asubuhi ya pambano,” Kuppan akasema. “Kwenye pumzi ya baba yako, siku aliyonivunja. Tulikuwa marafiki. Naye alitaka Mama asimshukie, kwa ajili yangu.”

“Basi aliyekupiga ni nani?”

“Wewe waniuliza mimi? Nilichokiona ni macho yake. Yalikuwa yananijua.”

“Na miaka yote hii hukusema!”

“Niseme ili iweje? Wamfukuze rafiki yangu kijijini? Mama ana mabega mapana kuliko sisi, nikamwachia abebe yeye.” Kuppan akachovya brashi tena. “Ila leo mwanangu ndiye yuko nje pale. Geuza uso. Bado shavu hili.”

Ngoma zikaanza. Wanaume wawili walimshika Elumalai kwa shuka lililozungushwa kiunoni, kama ada ilivyo. Alisubiri giza la kila mwaka limfunike, maana sasa alilitamani, lakini halikuja. Aliona kila kitu. Alimwona Anjalai kati ya wanawake, mikono juu ya tumbo. Alimwona Thangarasu juu ya jitu, taji limekaa upande, akimtukana kama Mfalme anavyopaswa kumtukana adui yake.

“Njoo, sufuria la wali wewe! Walikutuma chumvi, umelala njiani? Rungu unalishika kama mwiko!”

Watu wakacheka. Na ndani ya Elumalai, bila giza lolote, bila Mama yeyote, hasira ikapanda. Ilikuwa ile ile ya kila mwaka. Aliijua kama anavyoijua sauti yake. Ilikuwa na kila mtu aliyemsukuma kisimani, na kila radhi aliyoomba asiyopaswa kuiomba. Hofu ilimshika, lakini miguu ilikuwa tayari inakimbia, na shuka likawaponyoka wale wanaume.

Thangarasu aliteleza kwenye udongo mbichi akaanguka kando ya paja la jitu. Elumalai akaliinua rungu juu kabisa. Alijua linakokwenda, na halikuwa linakwenda kwenye chungu.

“Baba mkwe,” Thangarasu akasema kwa sauti ndogo. Mfalme hana maneno hayo.

Rungu la mfenesi likishaanza kushuka halirudi juu. Elumalai hakuweza kulizuia, ila mikono ilikuwa yake, akaivuta upande wake. Likatua kwenye muundi wa mguu wake mwenyewe, na mlio wa mfupa ukasikika juu ya ngoma. Akaanguka. Akajiburuta juu ya paja la udongo, akiuma meno, akalisukuma rungu mpaka likapasua chungu. Wekundu ukatapakaa. Wanawake wakapiga vigelegele, Malkia akainamisha nywele.

Walimbeba hadi kibarazani pa hekalu. Anjalai akapiga magoti akampepea kwa ncha ya sari, akilia. Kuhani akaja na majivu na ndimu, uso umemng’aa.

“Mwaka huu Mama ameuchagua mguu wa mtumishi wake! Sema, Elumalai, watu wasikie. Alikushukia, sivyo?”

Ilikuwa rahisi sana kusema ndiyo. Baba yake alisema ndiyo. Lakini Elumalai alimwona Thangarasu pembeni, udongo mwili mzima. Akafikiri mwaka ujao rungu litainuliwa tena, na tena pigo lake litatupiwa Mama, na hofu hiyo ikayazidi maumivu.

“Hapana,” akasema. “Nilikula samaki. Nilitaka kumpiga, nikajiona ninataka. Ilikuwa mimi.”

Mkono wa Anjalai ukasimama hewani. Alimtazama baba yake kama mtu anayesoma uso wa mgeni mlangoni, kisha akainuka, akamshika mumewe mkono, wakarudi nyuma.

Kuppan akajikokota mpaka pale alipokuwa amepiga magoti Anjalai, akaketi na mguu wake mbovu umenyooka mbele, akavua kitambaa chake cha begani, akaanza kumpepea Elumalai.