Twiga wa Fabiola

Miaka ile shamba la ngano la serikali lilikuwa linajenga maghala mapya upande wa Hirbadaw, na mifuko ya saruji ilitupwa ovyo. Sisi tuliona takataka. Mwalimu Bernadina wa chekechea aliona ng'ombe, punda na twiga. Aliifumua mifuko, akachagua karatasi za ndani zilizo safi, kisha akanijia jikoni.

"Shikamoo, Mama Didas. Naomba unga kidogo wa gundi."

Mimi nilikuwa mpishi wa uji wa watoto. Kila mara nilinung'unika kwamba unga ni wa kula, si wa kubandikia mikia, na kila mara nilimpa. Mwanamke yule alikuwa na upole wa kukuchosha. Huwezi kugombana peke yako.

Watoto walikunja, wakakata, wakabandika miguu, na mkia ukawa bua la ngano. Darasa lake lilikuwa na sheria moja: Ijumaa hakuna anayekwenda nyumbani na mnyama wake. Unampa mwenzako, naye anakupa wake. Alisema mtoto ajifunze kutoa kabla hajajua kusoma.

Binti yake wa pekee, Fabiola, alikuwa humo humo darasani, na mdomo wake haukupumzika. Ijumaa moja karatasi ilimwishia, twiga wake akatoka na shingo fupi kama ya mbuzi. Wenzake wakamcheka. Yeye akawatazama tu.

"Bado anakua," akasema.

Nilicheka mpaka uji ukafurika. Twiga yule akapewa Sulle, mtoto wa Genoveva, jirani yao wa nyumba za wafanyakazi.

Halafu ikaja surua. Ilikuwa masika, barabara imekatika, na Fabiola akapakiwa kwenye tela la trekta kupelekwa hospitali. Hakufika. Mama yake alirudi naye amemfunika kwa kitenge, akimzuia asirushwe na mashimo kana kwamba bado anaumia.

Wairaqw, wenyeji wa huko, wana jambo lao wanaloliita metimani, na hata wale wa benchi la mbele kanisani walilishika. Nyumba iliyofiwa inakaa peke yake. Hakuna kuingia, hakuna kuomba moto, hakuna kupeana kitu kwa mkono, mpaka wazee waseme basi. Mama mkwe wa Bernadina alishuka kutoka Mbulu kusimamia. Alikusanya magauni ya mtoto, kijamvi chake, na wanyama wote wa karatasi waliokuwa ukutani, akavichoma nyuma ya nyumba. Alikuwa analia huku akichoma, kwa hiyo sikuweza hata kumchukia vizuri. Hasira yangu ikakosa pa kwenda.

Mimi ni mtu wa Songea, nimefuata mume dereva wa kombaini. Metimani haikunihusu, nikaingia. Bernadina alikuwa amekaa sakafuni, macho makavu.

"Mama Didas," akasema, "yule twiga hakuwa humu."

Nilimwelewa. Kwa sababu ya ile sheria yake ya Ijumaa, kitu kimoja cha mikono ya mwanaye kilikuwa kimepona, nacho kipo nyumba ya tatu kutoka hapo. Yeye hakuruhusiwa kwenda kukiomba.

Nilikwenda mimi. Genoveva alikuwa anachambua maharage. Nilipotaja twiga, mikono yake ilisimama.

"Njoo kesho, dada. Nitamtafuta."

Chumba kimoja, kitanda kimoja. Sikuona pa kutafuta mpaka kesho, lakini nikaondoka. Siku iliyofuata alinipa kitu kilichofungwa kwa gazeti, bila kunitazama usoni.

"Mwambie pole," akasema, akafunga mlango.

Nilikipeleka mbio. Bernadina alifungua gazeti polepole, na nilipoona nikatamani ardhi inimeze. Twiga alikuwa mzuri. Alikuwa na madoa ya mkaa, miguu imesimama sawasawa, na shingo ndefu, iliyopimwa na mkono wa mtu mzima. Gundi ilikuwa bado mbichi. Yule wa Fabiola bila shaka aliingia motoni kwa hofu ya metimani siku ile ile habari za msiba zilipofika, na Genoveva, kwa huruma yake na kwa woga wake, akakaa usiku akatengeneza mwingine. Lakini shingo hakuikumbuka. Nani huangalia vizuri mchezo wa mtoto wa jirani?

Bernadina alipitisha kidole kwenye ile shingo, akaanzia mabegani, akapanda taratibu mpaka masikioni.

"Kumbe amekua," akasema.

Ndipo akalia.