Carte ya pili: banque ilitaka parcelle yangu, safari ilikuwa ya wengine

Jambo yenu, wakuu. Yenye naandika hapa ni kweli tupu. Bibi yangu wa ndoa, Masika, amekaa pembeni, nikiongeza chumvi atanikata maneno mbele yenu.

Mimi masomo niliachia primaire. Mais duka yangu ya bitenge hapa Butembo, Congo, nilijenga na mikono yangu, hakuna mutu alinisukuma.

Kisha camion ya mizigo ikachomwa mu barabara ya Beni, mali yangu ndani. Mukopo wa banque ukanishinda, jina yangu ikaharibika. Kila banque niliingia, banafungua ordinateur, banaona lile deni, bananitazama sawa mwizi.

Nikaanza upya. Banque moja ikanipa carte ya deni, ndogo: unaweka garantie yako, franga yenye banafunga kwao, unatumia franga yao, mwisho wa mwezi unarudisha. Nilirudisha kila mara, hata mwezi wenye tulikula majani ya sombe bila mafuta. Polepole jina ikaanza kupona.

Sasa njo shida inaanza.

Bakaniambia naweza kupata carte ya pili, nichague. Moja ndogo, ya garantie tena. Ingine kubwa kabisa, bila garantie ya franga, mais unaweka karatasi za parcelle, kiwanja na nyumba yako.

Benye hamujui Butembo: sisi wafanyabiashara hatuendi wote kununua mali. Tunachagua mutu moja, kila mutu anamupa franga yake, anaenda Kampala juu ya wote. Hakuna kusaini. Ni kuaminiana tu.

Mwenye kusafiri alikuwa Kambale, shemeki yangu, kaka ya Masika.

"Shemeki, kamata ile kubwa," akasema. "Unanipatia carte na code, nanunulia watu wote. Kila mutu atarudisha yake."

Wakuu, nilitamani. Kumunyima carte ni kukosa safari, na kukosa safari ni kuuza mabaki mpaka Noeli. Na kumukatalia musafiri hapa kwetu ni sawa kumutemea mate mu sahani. Utasikia habari yako mpaka mu misa.

Tukaenda bureau ya banque, watu tatu: mimi, Masika na Kambale. Masika alipaswa kusaini, juu nyumba ni yetu wawili. Agent, kijana wa Kinshasa na kravati yake, akasukuma karatasi za ile carte kubwa.

"Papa, signez hapa. Maman, pale."

Masika akashika bic, mais haandiki. Huku bwana yake, huku kaka yake.

Nikamuuliza agent: "Deni ikikwama, munagonga mulango kwa nani?"

"Kwa mwenye jina, papa."

"Hata kama carte iko Kampala?"

"Hata ikiwa mbinguni, papa."

Nikamugeukia Kambale. "Sawa. Weka na wewe parcelle yako pembeni ya yangu."

Akacheka. Akaona mimi sicheki.

"Shemeki, ile ni ya batoto."

"Na yangu ni ya mbuzi?"

Masika akalaza bic juu ya meza. Kambale akasimama. "Ile moto ya camion ilikuchoma na akili," akasema, akatoka.

Nikakamata ile carte ndogo.

Sitabadanganya: Kambale alirudi salama, mali yote, hata kitenge moja haikupotea. Wenzangu baliuza mbio mbio. Mu soko bananiita "Papa Garantie". Mimi nilinunua hapa hapa kwa muuzaji wa jumla, faida kidogo, na carte zote mbili nalipa bila kugongewa.

Donc, carte ya pili usiichague juu ya ukubwa wake. Uliza nani ataitumia, na nani atagongewa mulango. Kama ni watu wawili tofauti, achana nayo, hata yule mutu akuwe mwaminifu sawa Kambale.

Masika anasema haki ilikuwa yangu, mais sikupaswa kumutia kaka yake haya mbele ya mutu wa Kinshasa. Tangu siku ile Masika mwenyewe hajafika kwao hata kusalimia mama yake.

Pale njo nabaachia ninyi. Nilikosea? Semeni wazi. Hata matusi nasoma.