Mtoto wa Jicho la Meja

Nilikuwa mtoto wa darasa la tatu, na waliokuwepo uani siku ile nawakumbuka wote. Alikuwepo baba, Stephen Karanja, mzee wa kanisa. Alikuwepo mama, Wanjiku. Alikuwepo nyanya, mama yake baba, aliyeitwa Nyambura. Na dada yangu mdogo, naye Nyambura, kwa kuwa kwetu binti wa kwanza hupewa jina la mama wa baba yake. Alikuwepo daktari wa ng'ombe, Bwana Shee, mtu wa Lamu. Na alikuwepo Meja, paka.

Meja tulimkuta. Mzungu aliyeuza shamba lile, nje kidogo ya Eldoret, aliondoka na mbwa na farasi, akamwacha paka kama alivyoyaacha makomeo ya milango. Sisi tulikuwa wageni kutoka Murang'a, na Meja ndiye aliyetukaribisha. Alilala miguuni pa Nyambura mdogo.

Bwana Shee alikuwa amekuja kutazama ng'ombe. Akiwa ananawa mikono, dada alimvuta koti.

"Daktari, jicho la Meja limeingia maziwa."

Alimwinua paka, akamgeuza kwenye mwanga.

"Huyu ana mtoto wa jicho," alisema. "Na la pili litafuata. Dawa hapa hatuna."

"Mtoto?" nyanya aliuliza. "Mtoto wa nani?"

"Wa jicho, mama!" Bwana Shee alicheka. "Keshamea humo ndani, hatoki."

Kiswahili chetu kilikuwa cha sokoni na cha kanisani. Neno lile la pwani hatukuwa nalo. Baba hakupenda kuonekana hajui kitu mbele ya mtu wa serikali. Aliitikia kwa kichwa, akamsindikiza mgeni hadi kwenye Landrova.

Nyanya alianza jioni ile, mama akimenya viazi. Alisema mnyama akimkazia macho mtoto aliyelala, humeza kivuli chake, na macho yote mawili yakijaa, mtoto huisha.

"Karanja, daktari wako amesema mwenyewe. Mtoto yuko ndani. Ni mtoto gani mwingine hapa analala na paka?"

"Mama, hayo tuliyaacha."

"Uliyaacha wewe. Jina lililo mle ni langu."

Surua ilikuwa imepita mashamba ya jirani, na makaburi madogo yalikuwa bado mabichi.

Kesho yake baba alimtia Meja kwenye gunia, akashika njia ya Mto Sosiani. Nyambura mdogo alimfuata hadi kwenye ua.

"Baba, mimi niko humo! Nyanya amesema niko humo!"

Baba alirudi na gunia limekunjwa. Mama alilifua, likatiwa mahindi.

Dada hakuugua. Nyanya alikufa akiamini kwamba alimwokoa. Nilipokwenda chuo cha ualimu, mwenzangu wa Mombasa alinieleza kwamba mtoto wa jicho ni ukungu tu unaofunika mboni, kwa wazee na hata kwa wanyama. Nilimwambia baba. Alisema, "Basi," akaendelea kunoa jembe. Nyambura nilimwambia pia, akanisikiliza kwa adabu.

Uzeeni jicho lake la kushoto likaingia maziwa. Nilimpeleka hospitali. Daktari kijana alisema ni mtoto wa jicho, kazi ndogo. Watamtoa asubuhi, na jioni mama arudi kwake.

"Hamumtoi," Nyambura alisema.

"Nyambura, hilo ni jina tu."

"Hata mimi ni jina tu," alinijibu. "La nyanya."

Nimefundisha Kiswahili maisha yangu yote. Nimesahihisha maneno ya watoto wa watu wengi, lakini hilo moja, lililoingia nyumbani kwetu nikiwa nimesimama pale uani, sikuweza kulisahihisha. Maana yake nilimpa dada yangu nikiwa nimechelewa. Alikuwa ameshapewa nyingine na mtu aliyempenda.

Hakupasuliwa. Jumatano moja asubuhi, alipokuwa akivuka barabara ya Pioneer, bodaboda ilimgonga upande wa kushoto. Nyambura alifariki kabla ya kufikishwa hospitali.