Miwani ya Sakinabai

Miaka ile hata sabuni ilikuwa shida, seuze lenzi. Fundi miwani wa mtaa wa Ngamiani akawa anatuvisha miwani ya marehemu. Huifuta kwa pindo la shati, akakuvisha, akaizungusha lenzi ndani ya fremu polepole huku ukitazama nondo za dirisha.

“Jicho likizeeka, mpindo wake huhama, na lenzi sharti iufuate,” husema. “Nondo zikinyooka niambie.”

Siku hiyo Mama Kristina, mshona nguo, alijaribu zote asipate ya kumfaa. Fundi akafungua droo ya chini, akatoa ya mkewe, Sakinabai, aliyemzika mwezi wa Shaabani. Akamvisha, akazungusha lenzi.

“Zimenyooka! Naona hata kutu!”

Fundi akamvua, akaifunga kwenye leso.

“Hii haikufai, mama. Itakuumiza kichwa.”

Mama Kristina hakubisha. Alitoka akipapasa ukuta.