Rafiki Yangu Alinitafsiria Neno la Mungu

Mwenye ukurasa, naomba ufiche jina langu. Majina ya humu nimeyabadilisha kwa sababu wahusika wako hai na tunasali kanisa moja. Mimi ni mama wa miaka thelathini na mmoja, sina mume, sina mtoto wa kuzaa, naishi Kitengela. Nimeokoka. Nasema mapema ili msije mkaniambia nitafute Mungu. Nilimtafuta, na hapo ndipo niliumizwa.

Nilitoka Ukambani miaka mitano iliyopita, nikapata kazi kwa kampuni ya maua huko Isinya. Nilipanga chumba cha mabati hapa Kitengela na Naserian, Mmaasai wa Mashuuru tuliyejuana kanisani. Alikuwa na mtoto mchanga, na baba ya mtoto alikuwa ametoroka. Nilimpenda huyo msichana kama dada ya tumbo moja. Nikitoka kazini ningembeba mtoto, nimwogeshe, nimlaze, mama yake apike. Mtoto alipoanza kuongea aliniita mama, na Naserian alicheka tu.

Wakati huo nilikuwa na mchumba, Mutinda, mwinjilisti wetu. Siku moja akaniambia ameitwa kuanzisha kanisa mbali sana, upande wa Marsabit. "Tufunge ndoa twende," akasema. Nikamuuliza tutakula nini. "Sijui." Tutalala wapi? "Hiyo pia sijui, lakini aliyeniita anajua." Ai, jamani! Nilikuwa na kazi na chumba. Huko tulikuwa tunasikia habari ya njaa na majambazi. Lakini nilimpenda, na nilimwogopa Mungu, kwa hivyo nikamwambia, "Ngoja niulize Mungu. Akisema ndiyo, nitakuja hata kwa miguu."

Nilifunga, nikalia. Kisha Naserian akanipeleka kwa mama mmoja mzee wa maombi karibu na Isinya. Tulimwita Koko, yaani nyanya kwa Kimaasai. Koko hajui Kiswahili hata cha kuomba maji. Alinishika mikono, akaomba kwa muda mrefu, machozi yakimtoka. Mwishowe akatabasamu akasema neno moja, akalirudia: "Shomo. Shomo." Nilingoja Naserian anitafsirie. Aliangalia mtoto mgongoni kwangu. Halafu akasema, "Mungu anasema ukae. Hiyo safari si yako."

Nilitii. Mwili wote ulikuwa unataka kwenda, na nilitii. Nilimwambia Mutinda, akainamisha kichwa akasema, "Kama ni Mungu amesema, mimi ni nani?" Akaenda peke yake. Baadaye tukasikia ameoa huko, na kanisa likapiga makofi. Mimi pia nilipiga. Nilijifariji kwamba nimechagua Mungu badala ya mwanamume.

Sasa mniambie, niliwezaje kukaa Kajiado, kwa Wamaasai, bila kujua hilo neno? Shambani tulikuwa Wakamba tupu, nyumbani Naserian alinisemesha Kiswahili, na mtoto mchanga hakuna mahali unamtuma, kwa hivyo sikuwahi kusikia akiambiwa aende. Lakini huyo mtoto alikua. Asubuhi ya kwanza ya shule ya nasari alishikilia leso yangu akilia, hataki kutoka. Mama yake akachoka, akamsukuma kwa geti akipiga kelele: "Shomo! Shomo!"

Niliweka chini kikombe changu cha chai. Nikamuuliza mama wa chumba cha pili, naye Mmaasai, shomo ni nini. Akacheka. "Si ni enda! Wewe umekaa hapa miaka yote na hujui enda?"

Nilimwomba huyo jirani anipeleke kwa Koko. Sikumweleza ni kwa nini. Koko sasa haoni vizuri, akanipapasa uso, akasema maneno ambayo jirani alinitafsiria akiwa ameshangaa: "Huyu si yule Mungu alisema aende? Mwulize, kwa nini alikataa?"

Miaka yote mimi najiona mtiifu, na yule mama aliyenililia machozi ananijua kama mtu aliyemkatalia Mungu.

Jioni nikamkabili Naserian akisonga ugali. Hata hakukana. Aliendelea kugeuza mwiko, akasema, "Mtoto alikuwa mdogo. Ungeenda, ningebaki na nani?" Nikamwambia amenimaliza. Akaniangalia, akasema, "Si Mungu alikuwa anajua? Angetaka uende, ungeenda." Haki ya Mungu, mtu wa kanisa, akasema hivyo, kisha akanipakulia chakula! Na mimi mjinga nikala, kwa sababu mtoto alikuwa amekaa mapajani mwangu akingoja nimkatie tonge.

Mutinda ana mke na watoto, hiyo sitaki hata kuigusa. Shida yangu ni hii. Nyumbani wananiita nirudi Makueni, na huko sina kazi wala boma langu. Nikienda namwacha mtoto ambaye hajui mama mwingine usiku akiota vibaya. Nikibaki nitaamka kila siku nione uso wa Naserian. Mbaya zaidi, Jumapili Naserian ndiye anatafsiri kanisani, na watu wanasema amina.

Najua mtaniambia niombe. Nimejaribu. Napiga magoti, namwambia Baba, sema, nitatii hata kama sioni mbele. Halafu nanyamaza nisikilize. Lakini sauti inayokuja, kila mara, ni ya Naserian.

Ndugu zangu mnaosoma, niambieni, mtu kama mimi amsikie Mungu kupitia nani?